Detekta ya dhahabu na vitu vya kale

SWALI: Ndugu Mhariri, ninayo detekta, yaani mashine ya kunasa metali ardhini, niliyokuwa nikiitumia kutafutia dhahabu Chunya. Sasa nimehamia Kilwa, na ninasikia kwamba huko zipo sarafu za kale ardhini. Je, mashine hii itanifaa?
Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Itazinasa, lakini itakuchosha. Detekta nyingi za dhahabu zinazotumia mawimbi ya mapigo, yaani yanayotumwa kwa vipindi vifupi vifupi, zimetengenezwa kupenya udongo wenye chuma kingi na kufika kina kirefu, wala si kuchambua aina za metali. Kwa hiyo msumari ulioota kutu na sarafu ya shaba huweza kutoa mlio unaokaribiana sana, nawe utalazimika kuchimba kila mashine inapolia. Zile za masafa (frikwensi) ya juu hunasa hata chembe ndogo, ila kwenye mchanga uliolowa maji ya bahari hupiga kelele ovyo kwa sababu ya chumvi. Kwa sarafu, mashine ya masafa ya chini yenye kioo cha kutofautisha metali ni afadhali.

Hata hivyo, kikwazo chako kikubwa ni sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na kuvichimbua kunahitaji leseni. Leseni ya madini, hata ukiwa nayo, haihusiki hapa. Magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyo Urithi wa Dunia tangu 1981, usiyasogelee na detekta kabisa. Ukikuta sarafu juu ya ardhi, iache ilipo, usiisugue, kisha utoe taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale.