Ukiitwa kutoa maoni juu ya kanuni, anza kusoma kwenye adhabu

Rasimu ya kanuni ikinifikia mezani, sianzi na utangulizi. Utangulizi huwa mzuri siku zote: kulinda afya ya umma, kukuza ushindani wa haki, kutunza mazingira. Mimi naanza na sehemu ya adhabu, nahamia kwenye ada, kisha natafuta kipengele kinachosema nani atakagua na kwa fedha zipi. Nikimaliza hapo ndipo narudi ukurasa wa kwanza. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kusoma rasimu za namna hii kwa niaba ya wadau na kuandika maoni yao, na huo ndio ushauri wa kwanza ninaompa kijana yeyote anayeingia kwenye shughuli hii, awe amesomea sheria au uchumi.

Mwanasheria akisoma kanuni huuliza kama aliyeitunga ana mamlaka, kama maneno yanaeleweka, na kama haipingani na sheria mama. Ni maswali ya lazima. Lakini mtu atakayeishi na kanuni hiyo ana hesabu nyingine kichwani: nikiitii itanigharimu kiasi gani, na nikiipuuza itanigharimu kiasi gani? Kama ni kanuni ya maji taka ya viwandani, hesabu hiyo ndiyo itakayoamua kama mto utaendelea kupokea maji machafu, hata kama kanuni imeandikwa kwa lugha iliyonyooka namna gani.

Mchumi wa Marekani Gary Becker aliiweka wazi hoja hii mwaka 1968. Adhabu anayoiona mkiukaji si ile iliyoandikwa, ni ile iliyoandikwa ikizidishwa kwa uwezekano wa kukamatwa. Tuseme faini ni 1,000,000 na katika wakiukaji 50 hukamatwa mmoja kwa mwaka. Kwenye vitabu vya mwenye kiwanda hiyo ni gharama ya 20,000. Kama kuendesha mtambo wa kusafisha maji taka kunamla 300,000 kwa mwaka, basi kanuni yako imeshashindwa kabla ya kutangazwa. Wengi wakiona hivyo hukimbilia kuipandisha faini. Mara nyingi dawa si hiyo. Faini ikiwa kubwa mno, mkaguzi anaona huruma kuitoza, hakimu anatafuta sababu ya kuipunguza, na rushwa inapata nafasi, kwa kuwa sasa mkiukaji ana kiasi kikubwa cha kuokoa. Kinachosaidia zaidi ni kugusa ule upande wa pili, yaani uwezekano wa kukamatwa.

Mfano ninaoupenda ni wa mvua ya tindikali nchini Marekani. Marekebisho ya sheria ya hewa safi ya mwaka 1990 yaliweka kikomo cha gesi ya salfa inayotoka kwenye mitambo ya umeme na kusababisha mvua hiyo, kwa lengo la kupunguza tani milioni 10 kwa mwaka kutoka kiwango cha 1980. Kila tani ilihitaji kibali, na vibali viliruhusiwa kuuzwa kati ya kampuni na kampuni, hivyo aliyeweza kupunguza kwa gharama ndogo alipunguza zaidi na kumuuzia mwenzake ziada. Watu wengi husifu soko hilo la vibali, nami nalisifu. Ila kilichonivutia zaidi ni vifaa vilivyofungwa kwenye mabomba ya moshi, vikipima mfululizo, usiku na mchana. Aliyezidisha alitozwa dola 2,000 kwa kila tani, wakati kibali cha tani moja katika miaka ile ya mwanzo kilipatikana kwa bei ya chini mno ukilinganisha na hiyo. Hapakuwa na haja ya faini ya kutisha wala kifungo. Kukwepa hakukulipa, na kila mtu aliliona hilo. Nikikuta rasimu inayozungumzia vibali vya kuuziana bila kusema neno juu ya upimaji, naandika maoni yangu kwa herufi nzito.

Lakini usije ukaondoka hapa ukiamini kwamba binadamu wote ni mashine ya kujumlisha na kutoa. Kuna utafiti wa Uri Gneezy na Aldo Rustichini, uliochapishwa mwaka 2000, ambao nauomba kila mtunga sera ausome. Walifuatilia vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto, kwa hiyo vituo 6 kati ya hivyo vikaanza kutoza faini ndogo ya shekeli 10 kwa mzazi aliyechelewa. Uchelewaji uliongezeka, ukafika takriban mara mbili ya ulivyokuwa. Zamani mzazi aliyechelewa alimwonea haya mwalimu aliyebaki akimsubiri. Faini ilipokuja, haya ikaondoka, akaona amelipia muda wa ziada. Jambo la kusikitisha ni kwamba faini ilipofutwa, uchelewaji haukurudi chini. Ile haya haikurejea.

Ndiyo maana nikisoma rasimu nauliza pia: watu hawa sasa wanazuiwa na nini? Kama ni heshima, desturi au aibu, basi tahadhari kabla hujaweka kiwango cha fedha hapo. Ama iache, ama weka adhabu nzito kiasi kwamba hakuna atakayeichukulia kuwa bei ya huduma. Faini ndogo iliyo katikati ndiyo mbaya kuliko zote.

Swali linalofuata ni nani abebe mzigo, na hapa ndipo nimeona mikutano mingi ya wadau ikigeuka ugomvi. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1879, Sturges na Bridgman, ambayo mchumi Ronald Coase aliifufua katika makala yake maarufu ya 1960. Mtengeneza peremende mmoja jijini London alikuwa na vinu vikubwa vya kupondea jikoni mwake, ambavyo vilikuwa vikifanya kazi kwa zaidi ya miaka 20. Jirani yake wa nyuma, daktari, akajenga chumba cha kuonea wagonjwa mwisho wa bustani yake, ukutani kwa jikoni ile. Kelele zikamzuia kusikiliza vifua vya wagonjwa. Mahakama ikampa haki daktari.

Sisi wengi tungesema peremende inamdhuru daktari, hivyo izuiwe. Coase alitutaka tutazame vizuri: kumpa daktari utulivu ni kumnyima jirani yake kazi. Madhara yana pande mbili, na kazi ya sheria ni kuamua yapi makubwa zaidi. Kama wawili hao wanaweza kukaa na kupatana bila gharama, basi popote mahakama itakapoiweka haki, wataiuza na kuinunua mpaka ifike kwa anayeithamini zaidi. Kuna wanaolichukua somo hili kana kwamba serikali haina kazi. Ni kulisoma nusu. Watu wawili walio ukutani mwa mmoja na mwenzake wanaweza kupatana. Watu 40,000 wanaovuta moshi wa kiwanda kimoja hawawezi. Kukutana kwenyewe ni gharama, kukubaliana ni gharama, na kila mmoja anasubiri mwenzake alipe. Hapo ndipo kanuni inapohitajika kweli, na popote sheria itakapouweka mzigo mwanzoni, hapo ndipo utakapobaki.

Kipimo ninachotumia nimekichota kwa Guido Calabresi, msomi wa sheria ambaye baadaye akawa jaji: mzigo umwendee yule anayeweza kuyaepusha madhara kwa gharama ndogo kuliko wengine. Kinasaidia sana kutuliza ukumbi, maana kinahamisha mjadala kutoka kwa nani mbaya kwenda kwa nani anaweza. Mtumiaji hawezi kujua kama waya ndani ya ukuta wa kifaa cha umeme ni mwembamba. Mtengenezaji anajua, na kuongeza unene kunamgharimu kidogo. Basi usiandike kanuni inayomtaka mtumiaji awe mwangalifu.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo vitabu vya sheria hulipita haraka, nalo ni nani aliyeiomba kanuni yenyewe. Rasimu moja niliyoifanyia kazi iliwataka watengenezaji wote wa sabuni za maji wapeleke sampuli ya kila bechi, yaani kila mchanganyiko unaotengenezwa kwa mara moja, kwenye maabara iliyoidhinishwa kabla ya kuuza. Ukumbini, walioiunga mkono kwa nguvu zaidi walikuwa wazalishaji wakubwa. Walizungumzia usalama wa mlaji, na naamini walimaanisha. Nikachukua karatasi nikagawanya. Ada ya kipimo ilikuwa ileile kwa kila bechi. Bechi ya mzalishaji mkubwa ni chupa 50,000. Bechi ya mama anayechanganyia sabuni nyumbani ni chupa 200. Ada kwa kila chupa ya mama huyo ingekuwa mara 250 ya ile ya mshindani wake. Rasimu haikutamka popote kwamba wadogo wafungiwe. Ile ada ilitosha. Tukapendekeza kemikali zipimwe kwa wasambazaji, ambao ni wachache, na sabuni ichukuliwe sampuli za kushtukiza sokoni. Toleo lililofuata lilikubali nusu ya mapendekezo hayo, na nusu hiyo iliwabakiza wengi kazini.

Mchumi George Stigler aliandika mwaka 1971 kwamba mara nyingi udhibiti huombwa na sekta yenyewe na kuendeshwa kwa faida yake. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yake. Bodi iliyosimamia usafiri wa anga wa Marekani tangu 1938 ilipanga nauli na kuamua nani aruke wapi, na kwa takriban miaka 40 haikuruhusu hata shirika moja jipya kujiunga na mashirika makubwa ya safari za kati ya majimbo. Wakati huohuo, ndani ya Texas na California, ambako bodi haikuwa na mamlaka juu ya safari zisizovuka mpaka wa jimbo, nauli za umbali unaolingana zilikuwa chini sana. Sheria ya mwaka 1978 iliondoa udhibiti huo wa nauli na njia, na mwanzoni mwa 1985 bodi yenyewe ilikuwa imefungwa. Usalama wa ndege haukuguswa. Ulibaki chini ya chombo kingine. Tofauti hiyo naishika sana. Kanuni inayosema ndege ikaguliwe ni kitu kimoja, na kanuni inayosema nani asiruhusiwe kushindana ni kitu kingine, hata kama zote mbili zimevaa vazi la usalama.

Baada ya hayo yote, rudi kwa mwanasheria, kwa sababu ndiye anayejua kama hesabu zako zitasikilizwa. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba shirika la mazingira la nchi hiyo haliruhusiwi kutazama gharama linapoweka viwango vya ubora wa hewa, kwa kuwa kifungu husika hakikutoa ruhusa hiyo. Mwaka 2015, chini ya kifungu kingine cha sheria hiyohiyo ya hewa safi, mahakama hiyo ilisema, majaji 5 kwa 4, kwamba shirika lilikosea kutozingatia gharama kabla ya kuamua kudhibiti zebaki na sumu nyingine za mitambo ya umeme. Maneno ya kifungu ndiyo yaliyomfungulia au kumfungia mchumi mlango.

Kesi ya pili ina funzo jingine. Gharama ilikadiriwa kuwa dola bilioni 9.6 kwa mwaka. Faida za moja kwa moja zilizoweza kutajwa kwa fedha zilikuwa dola milioni 4 hadi 6 tu. Lakini mitambo ile ile ya kuchuja ingepunguza pia vumbi laini linaloua watu, na ukilihesabu hilo faida inaruka hadi kati ya bilioni 37 na 90. Hakuna aliyekosea kujumlisha. Walibishana nini kihesabiwe. Kwa hiyo usikubali kupewa jumla. Omba orodha ya vilivyoingizwa na vilivyoachwa. Na niseme hili kwa moyo wote: gharama huwa na mwenyewe, ana wakili na risiti, naye atafika ukumbini. Mtoto ambaye hatapata pumu miaka 10 ijayo hana chama wala mwakilishi. Ukiwa ndani ya ukumbi huo, mhesabu na yeye.

Unapoandika maoni, yawe mafupi na yataje namba ya kipengele. Usiseme kanuni ni kandamizi. Onyesha itamgharimu nani, kiasi gani, na ni njia gani nyingine italeta matokeo yaleyale kwa gharama pungufu, kisha andika wewe mwenyewe maneno ya kipengele mbadala, maana ofisa aliyelemewa na kazi huchukua sentensi iliyo tayari. Omba takwimu zikusanywe kabla kanuni haijaanza kutumika, la sivyo baada ya miaka 3 hakuna atakayejua kama ilisaidia. Omba pia tarehe ya kuipitia upya iwekwe ndani ya kanuni yenyewe, si kwenye barua ya ahadi. Wasilisha kabla ya siku ya mwisho na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kwa sababu rasimu ya pili ikitoka utaketi na zote mbili na kuzilinganisha kipengele kwa kipengele.