Pindua sanamu kwanza, uso utauangalia baadaye

Wakuu mnaoanza kununua sanamu za shaba kwenye minada, karibuni, ila kabla hamjaanza kuinua mikono naomba niwape yangu, manake mimi ada ya shule nishailipa na sioni sababu na nyie muilipe tena.

Sanamu yangu ya kwanza ilikuwa mbwa wa kuwinda, kanyanyua mguu mmoja wa mbele, pua juu kama kanusa kitu, na pembeni ya kile kitako cha chini alichosimamia pameandikwa P. J. Mêne. Nilikuwa nimeshasoma kidogo kuhusu Pierre-Jules Mêne, Mfaransa (1810–1879) aliyekuwa fundi hasa wa farasi na mbwa, basi nilivyoliona lile jina moyo ukaanza kwenda mbio nikasema hawa watu hawajui wanachouza. Bei ikapanda na mimi nikapanda nayo, kuna jamaa nyuma yangu alikuwa ananifuata kila nikitaja mpaka nikaanza kumchukia bila kumjua, mwisho akaacha, nyundo ikagonga, mbwa wangu. Nimefika nyumbani nimemweka mezani karibu na dirisha, ndio macho yakaanza kufunguka. Manyoya ya mkia yamelala kama uji uliopoa, hayana mistari. Kucha hazihesabiki. Zile herufi za jina kingo zimevimba, kama maandishi ya kwenye sabuni iliyoogewa na watu watatu. Nikachukua futi ya mkanda nikalinganisha na vipimo vya toleo lenye historia inayoeleweka, mbwa wa sentimita 30, wangu kapungua karibu milimita tano.

Hizo milimita tano ndio somo lenyewe. Shaba ikimwagwa kwenye kalibu ikapoa inasinyaa, kama asilimia 1.5 mpaka 2 hivi. Sasa mtu akichukua sanamu iliyokwisha kuwa shaba, akaitengenezea kalibu mpya na kusubu nyingine (yaani kumwaga shaba iliyoyeyuka humo), hiyo ya pili inatoka ndogo kuliko mama yake na vitu vidogo vidogo vinaanza kufutika, akirudia tena kwa hiyo ya pili inazidi kuwa mbaya. Wafaransa wanaita surmoulage. Na jina la msanii linanakiliwa humo humo pamoja na mkia na masikio, haliongezi gharama hata senti. Kwahiyo ukiniambia "mbona ina sahihi", mimi nakuuliza kingo zake zikoje, zimekatika kwa ukali au zimevimba.

Ila na wewe usikimbilie futi ukaanza kuita kila kitu feki. Karne ya 19 kulikuwa na mashine ya Achille Collas ya kupunguza ukubwa wa sanamu kwa vipimo sahihi, akaingia ubia na mwenye kiwanda Ferdinand Barbedienne mwaka 1838, wakawa wanatoa sanamu ileile kwa saizi tofauti tofauti, zote halali kabisa, na nyingi zina muhuri wa Collas. Unachotakiwa kulinganisha ni saizi na saizi yake, sio ndogo na kubwa.

Halafu kilichoniuma zaidi ya mbwa mwenyewe, nilirudi kuisoma katalogi nikakuta wameandika "baada ya Mêne". Yaani waliniambia, mimi ndio sikusoma! Kwenye katalogi za mnada maneno yamepimwa kwa mizani ya dhahabu. Jina limekaa peke yake na miaka yake ya kuzaliwa na kufa, maana yake kwa maoni yao ni kazi yake. Wakisema "inahusishwa na", wanadhani tu. Wakisema "baada ya", ni muundo wake lakini nani aliyemwaga na lini hawakuambii, na mara nyingi hawamaanishi kizuri. Mwanzoni au mwishoni mwa katalogi kuna ukurasa unaofafanua haya maneno na haki zako ukigundua tatizo, kurasa za kuchosha kweli, zisome.

Sasa siku ya maonyesho kabla ya mnada, nenda na tochi ndogo, sumaku na futi, na ukifika omba ruhusa ipinduliwe. Watu wanaangalia uso, wewe nenda chini. Sumaku ikinasa hiyo ni chuma, imepakwa rangi tu. Isiponasa usishangilie, maana zinki nayo hainasi, na zinki ndio inayowaingiza wengi mjini. Karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20 viwanda vilimwaga mapambo mengi ya aloi ya zinki yakapakwa rangi ya shaba, kwa picha ya simu huwezi kutofautisha. Tafuta sehemu iliyojikwaruza yenyewe, ukingo wa chini au nyuma ya kisigino (wewe usikwaruze, sio mali yako), shaba inaonyesha rangi ya dhahabu au wekundu, zinki inaonyesha kijivu. Gonga kidogo kwa kifundo cha kidole, shaba inalia, zinki inatoa sauti ya ndoo iliyojaa. Na angalia vifundo vya miguu na mikono, zinki huvunjika hapo na ikivunjika kuiunga ni kazi ya kulia. Siisemi zinki vibaya, ninazo mbili nazipenda, ila nilizilipia bei ya zinki. Kuna na ile ya resini (plastiki ngumu) iliyochanganywa unga wa shaba, hiyo ukiishika haina ule ubaridi wa chuma na ni nyepesi mno kwa mwili wake.

Ukikuta chini wamegandisha kitambaa cha kijani uliza kama kinaweza kufunuliwa pembeni, wakati mwingine ni heshima ya meza tu, wakati mwingine kinaficha tundu. Matundu ni habari. Shaba nyingi ziligeuzwa taa umeme ulipoingia majumbani, zikatobolewa mgongoni au kwenye kitako kupitisha waya, baadaye mtu akaziba. Skrubu nazo zinaongea, ile yenye kichwa cha msalaba ni ya miaka ya 1930 kuja juu, ukiikuta kwenye sanamu wanayosema ni ya 1860 sio lazima iwe feki, huenda ilifunguliwa ikafungwa upya, ila lazima uulize nani alifungua na kwa nini.

Rangi ya juu mimi ndio naipa muda mrefu kuliko vyote. Ile kahawia unayoiona fundi aliitengeneza kwa moto na kemikali, haikuja yenyewe kwa uzee. Uzee unaongeza vitu viwili: uchafu kwenye mikunjo ambako kitambaa hakifiki, na kung'aa pale ambapo mikono ya watu imekuwa ikipita miaka yote, paji la uso, goti, mgongo wa farasi. Jifikirie wewe ndiye mfanyakazi unayemfuta huyo farasi kila wiki, utamshika wapi kumnyanyua? Hapo ndio pawe pamechakaa. Feki nyingi zimechakazwa na mtu mwenye haraka, zimeng'aa sawasawa kila mahali, hata kwapani, na weusi wa mikunjo unatoka kwenye pamba kama kiwi ya viatu.

Tukija kwenye lile swali la "orijino", hapa wageni wengi wanachanganyikiwa na mimi nilichanganyikiwa mwaka mzima, kwasababu tunakuja na akili ya michoro, kwamba orijino ni moja. Shaba sio hivyo. Degas, msanii Mfaransa, alionyesha mcheza densi wake mdogo wa nta mwaka 1881, akafa 1917, na hizo shaba zake zote mnazoziona kwenye makumbusho zilisubiwa baada ya kifo chake, nyingi kwenye kiwanda cha Hébrard, yeye mwenyewe hakuiona hata moja. Rodin, mchongaji Mfaransa, aliiachia serikali ya Ufaransa kazi zake na haki zake mwaka 1916, kwahiyo makumbusho yake, Musée Rodin, ina haki ya kuendelea kusubu kihalali. Kanuni za Ufaransa zikaja kuweka ukomo wa 12 kwa sanamu moja, nane zina namba 1/8 mpaka 8/8, nne za msanii zina namba za Kirumi, na tangu 1981 nakala ya nje ya hapo inatakiwa iandikwe "Reproduction" juu yake. Barye naye, yule wa simba na chui, alifilisika 1848 modeli zake zikaenda kwa watu wengine, na baada ya kufa 1875 Barbedienne akaendelea kumwaga. Zote hizo ni halali lakini haziuzwi bei moja, iliyotoka msanii akiwa hai na akaipiga patasi mwenyewe au akasimama pembeni ya fundi iko juu, iliyotoka miaka 50 baadaye iko chini. Kwahiyo acha kuuliza ni orijino au sio, uliza imesubiwa lini, na nani, kwa ruhusa ya nani.

Na chapa ya kiwanda nayo usiiamini kama hati ya kiwanja. Alexis Rudier, ambaye jina lake liko kwenye shaba nyingi za Rodin, alikufa 1897, lakini mwanaye Eugène, ndiye aliyesubu hizo za Rodin, akaendelea kutumia jina la baba mpaka alipofariki 1952, hiyo ni zaidi ya nusu karne ya sanamu zenye jina la marehemu. Na kwa vile ndio jina linalopendwa, ndio linaloigwa. Miaka ya 1990 mahakama za Ufaransa zilimtia hatiani Guy Hain kwa biashara kubwa ya shaba bandia za Rodin na wenzake, sio kitu cha hadithi. Kwa upande wa Marekani balaa ni msanii Remington na sanamu yake ya mpanda farasi, "Bronco Buster" ya 1895, nakala zake zimejaa dunia nzima, nyingi za kisasa zimekalishwa juu ya marumaru. Ukiiona kwa bei ya mteremko, endelea kutembea.

Vya kukaa navyo mbali ukiwa mgeni. Wale wadada wacheza densi wa miaka ya 1920 na 1930 wa wachongaji Chiparus na Preiss, mwili shaba, uso na mikono pembe za ndovu, wazuri sana, lakini sheria za pembe zimebana kila kona, Uingereza sheria ya 2018 ilianza kufanya kazi Juni 2022 na kuvusha mpaka ni kesi nyingine kabisa, unaweza kununua kitu usichoweza kukipeleka popote wala kukiuza. Na za kale zisizo na karatasi, kutoka makaburini au kwenye majumba ya wafalme, hizo ni dhamira na sheria kwa pamoja. Za ufalme wa Benin (uliokuwa Nigeria ya leo) zilibebwa na jeshi la Uingereza mwaka 1897, na Ujerumani imeanza kuzirudisha Nigeria mwaka 2022. Mtu akikupa kichwa cha shaba akasema "kilikuwa kwa babu" bila karatasi hata moja, mshukuru mrudishie.

Hela. Nyundo ikigonga 1,000 wewe hulipi 1,000. Kuna ada ya mnunuzi, tuseme 25 kwa mia, hiyo 250, kuna kodi juu ya hiyo ada sehemu nyingi, ukinunua kwa mtandao kupitia jukwaa la mtu wa tatu na wao wanachukua chao, na Ulaya na Uingereza kama msanii yu hai au hajatimiza miaka 70 tangu afe kuna haki ya msanii (malipo yake au ya warithi wake) pale bei inapovuka kiwango fulani. Halafu usafiri, shaba ni karibu kilo tisa kwa lita moja, haibebwi kama picha ya ukutani. Mimi naanza na hela yote niliyonayo, natoa hayo yote kwanza, kinachobaki ndio dau langu la mwisho, naliandika kwenye kiganja kwa peni. Kwenye kiganja kweli, manake karatasi nilikuwa naisahau mfukoni presha ikipanda. Ukijijua huwezi kujizuia, acha dau lako la maandishi usiende kabisa. Na loti (kitu kilichotajwa mnadani) ikikosa mnunuzi kwa sababu haikufika bei ya siri ya muuzaji, usiondoke, mfuate dalali baada ya mnada umpe ofa, mbili katika zangu nzuri nimezipata hivyo huku chumba kimeshatoka watu.

Omba ripoti ya hali kwa maandishi kabla, na picha za chini na za nyuma, kama hawazitumi ukakosa muda wa kwenda, usinunue. Kwenye kusafirisha, waambie waifungue kwenye kitako cha marumaru wafunge kila kimoja peke yake, kwasababu marumaru huvunjika kwa uzito wa shaba yenyewe, na mikuki na panga na hatamu zinazotoka ziwekwe kwenye bahasha zake.

Imefika salama? Usiisugue! Dawa ya kung'arishia vyombo inakula ile rangi yote kwa dakika tano na hairudi. Brashi laini, vumbi litoke, halafu nta nyembamba isiyo na rangi, ipake kidogo, iache, ifute. Ukiona unga wa kijani kibichi uliopauka unaotoka kama chumvi na ukiufuta unarudi, huo ni ugonjwa wa shaba, chumvi za kloridi zinakula ndani, iweke pakavu mbali na nyingine umtafute mtu wa makumbusho. Na nta mpya usiijaribie kwenye kitu kizuri. Mimi nina yule mbwa, nta zote namjaribishia yeye, mkia umeshafika rangi tatu.