Soko huria na umeme wa manispaa

Hapana kaka, si kweli kwamba Marekani soko huria la umeme (mteja kujichagulia kampuni ya kumuuzia) liliyalazimisha mashirika ya umeme ya miji kuingia. Texas ilipofungua soko la rejareja mwaka 2002, miji yenye shirika lake iliachiwa iamue yenyewe. Austin na San Antonio hazikuingia, na hadi leo mkazi wa huko hana muuzaji mwingine wa kumchagua. Sababu kubwa ni hela: sehemu ya mapato ya umeme huingia kwenye bajeti ya mji, nani aiachie?

Kinachoyabana mashirika ya miji ni masharti ya nishati jadidifu (ya jua, upepo na kadhalika), tena inategemea jimbo. California sheria ya 2002 iliacha miji ijipangie malengo. Ya 2011 ikaibana nayo, asilimia 33 ya umeme iwe jadidifu ifikapo 2020, na ya 2018 ikapandisha hadi 60 ifikapo 2030. Haya nilisoma chuoni, kozi ya sera za nishati.

Ila hoja ya "Kigoma Ujiji tufanye kama Austin" haishiki. Manispaa yetu haina shirika la umeme: anayesambaza ni TANESCO, shirika la umeme la taifa, bei inapitishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Sheria ya Umeme ya 2008 inaruhusu wazalishaji binafsi, hiyo kweli, lakini hao si shirika la manispaa.