Kabla hujaitisha baraza

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Askari kampiga risasi kijana mtaani kwenu hapo Malindi jana usiku, amefariki. Nusu ya watu wasema alikuwa mwizi, nusu wasema kauawa bure, na kamati ya msikiti imekutwika wewe kuitisha baraza. Wauliza uanzie wapi.

Anza na maiti, baraza lingoje. Watu watataka azikwe kabla ya magharibi, na hapo ndipo kesi nyingi huzikwa pamoja na mwenyewe. Akishazikwa bila uchunguzi wa daktari, kumfukua kwataka amri ya mahakama, na wakati huo mwili umeshaharibika. Imamu na mkubwa wa familia waende mochari asubuhi hii wakaombe upasuaji ufanywe leo. Familia iwe na daktari wake wa kushuhudia akipatikana. Majeraha yapigwe picha, na risasi ikitolewa mwilini iandikwe imechukuliwa na nani, saa ngapi. Nguo zisifuliwe: zianikwe kivulini zikauke, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa plastiki huweka unyevu, damu ikaoza.

Waliokuwapo waandike kila mmoja peke yake, leo hii. Wakishakaa kijiweni siku mbili wote watakuwa na maneno ya mmoja wao, na wakili wa upande wa pili atawaumbua mahakamani. Video ibaki kwenye simu iliyoipiga. Ikirushwa WhatsApp hupungua ubora, na taarifa za saa na tarehe zilizomo ndani hupotea. Wala isirushwe, kwa sababu sura za mashahidi zimo.

OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, mwendeeni watu watatu, msiende kundi. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 lamtaka mkubwa wa askari aliyeua alinde mahali pa tukio, awajulishe jamaa, na aripoti kwa IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi. Muulizeni: namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, ni ipi? IPOA wameshaarifiwa kwa maandishi? Bunduki iko wapi? Familia izungumze na ofisa gani? Majibu yaandikwe mbele yake. Hata akisema ameshaarifu, familia nayo ipeleke malalamiko yake IPOA. Waelezeni mapema kwamba IPOA huchunguza tu. Kushtaki ni kazi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, nayo huchukua muda. Asiyelijua hili hudhani kesi yake imeuzwa.

Sasa baraza. Barua ya kumwarifu OCS ipelekwe mapema, kwani Sheria ya Utulivu wa Umma yataka mkutano wa hadhara uarifiwe siku 3 hadi 14 kabla. Baki na nakala iliyopigwa muhuri. Khitma ipite kwanza. Ijumaa baada ya swala iepukeni, watu wametoka na hotuba vichwani. Jumamosi baada ya alasiri yafaa, uwanja wa skuli, si kituoni wala kwa mwanasiasa. Mheshimiwa akija, na akae asikilize. Akipewa kipaza sauti, shughuli imekwisha.

Waendeshaji wawe wawili: mmoja anayeaminiwa na jamaa wa marehemu, mwingine na wale walioibiwa, maana hao nao wapo na wana uchungu wao. Gaweni watu vikundi vya wanane hadi kumi, kila mtu dakika tatu, bila kukatizana. Wanawake wakae kikao chao siku moja kabla, na mwakilishi wao asome waliyoyasema. Asokuwapo na lake halipo, na mara nyingi wao ndio waliochungulia dirishani usiku ule.

Swali la nani ana hatia lisijadiliwe hapo. Baraza halina uwezo wa kulikata, na ushahidi ukimwagwa hadharani huharibika. Ulizeni ya kila siku: vijana husimamishwa wapi, huombwa nini, wizi ukiripotiwa askari huja baada ya muda gani, na mtaa wenyewe huwaficha akina nani. Huko Ferguson, Marekani, baada ya Michael Brown kuuawa Agosti 2014, Wizara ya Sheria ilikuta kwamba mji ulikuwa umewageuza polisi wakusanya faini. Hasira zilikuwapo kabla ya risasi. Wenzetu wa bodaboda wataelewa upesi.

Atatokea mtu na bahasha, aiite sulhu. Rambirambi ni rambirambi, lakini mauaji ni kesi ya Jamhuri. Kwa Kifungu cha 157 cha Katiba, hata huyo Mkurugenzi wa Mashtaka hawezi kuiondoa bila ruhusa ya mahakama. Familia isitie sahihi karatasi yoyote kabla wakili hajaisoma.

Mkitoka, kila lililokubaliwa liwe na jina la mtu na tarehe. "Polisi waboreshe uhusiano" halina mwenyewe. "OCS ataje namba ya simu ya zamu ya usiku kufikia Jumatano" hilo latazamika. Daftari liwe nakala mbili, moja kwa imamu, moja kwa mchungaji, na kikao cha pili kiwe baada ya wiki mbili, hata kama watakuja kumi tu.

Nitumie orodha ya waendeshaji kabla hujaitangaza.

Mamako, Lamu