Kabla Hujaondoka Moshi, Andaa Mashahidi wa Kazi Yako

Ukihamia nchi nyingine, shahada ya chuo ndiyo inayokusumbua kidogo kuliko vyote. Zipo taasisi ambazo kazi yao ni kuikagua na kusema inalingana na nini huko uendako. Kinachokwama ni miaka yako ya kazi. Mwajiri wa Ontario, jimbo la Kanada, akisoma kwamba umesimamia miradi ya maji kwenye miteremko ya Kilimanjaro, hajui aiweke wapi habari hiyo. Haijui ofisi uliyofanyia kazi, hamjui aliyekusimamia, hajui kama mradi ulikuwa wa kijiji kimoja au wa wilaya nzima. Kazi ya kumwelewesha ni yako, na wengi wetu tunaianza tukiwa tumeshafika, mbali na watu ambao wangetusaidia.

Mimi ni mhandisi wa maji. Nimezaliwa Moshi, nikafanya kazi kanda hii ya kaskazini kwa miaka mingi, kisha nikahamia Kanada na familia yangu. Baadaye nilirudi kwa sababu ya afya ya mama, na sasa nalala Moshi, kazi Arusha. Vijana wanaonifuata kuuliza habari za Kanada huanza na viza na nauli. Hayo yana majibu yake na kila mtu ameshayaandika. Mimi nataka kuzungumzia karatasi na watu unaopaswa kuwaandaa ungali hapa.

Kwanza mjue kwamba ukuta wa kudaiwa uzoefu wa Kanada upo kweli, msije mkadhani mmelogwa. Mchumi Philip Oreopoulos alichapisha mwaka 2011 utafiti ambao ulituma maelfu ya wasifu wa kubuni kwa waajiri wa Toronto. Sifa zilifanana, kilichobadilishwa ni jina la mwombaji na mahali alikosomea au kufanyia kazi. Wenye majina ya Kiingereza na uzoefu wa Kanada waliitwa kwenye usaili mara nyingi zaidi kuliko wenye majina ya Kihindi, Kipakistani au Kichina, na uzoefu ulipokuwa wa nje mambo yakazidi kuwa magumu. Kwa hiyo ukituma maombi ukanyamaziwa, usikimbilie kusema huna akili. Nilipofika nilifanya kazi kwenye bohari pembeni ya Mississauga, mji jirani na Toronto, nikipanga maboksi usiku pamoja na daktari kutoka Sudan na mhasibu kutoka Ufilipino. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mjinga.

Sheria zimeanza kubadilika, na ni haki kulisema hilo. Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario ilitamka mwaka 2013 kwamba kudai uzoefu wa Kanada kunahesabiwa ubaguzi hadi ithibitishwe vinginevyo, na mwajiri anayetaka kuudai athibitishe kwamba kazi yenyewe inaulazimu. Mei 2023 chombo kinachosajili wahandisi wa jimbo hilo, Professional Engineers Ontario, kiliondoa sharti la miezi 12 ya kazi ndani ya Kanada. Na kuanzia Januari 1, 2026, mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi haruhusiwi kuandika sharti hilo kwenye tangazo la kazi. Nafurahi sana. Ila tangazo ni kitu kimoja na kichwa cha anayekusaili ni kitu kingine. Neno limeondolewa kwenye gazeti, shaka bado anayo, na shaka hiyo huondolewa na ushahidi tu.

Sasa tuangalie ushahidi tunaoondoka nao. Barua ya utumishi ya kwetu mnaifahamu. Inaandikwa kwa yeyote anayehusika, inasema fulani alikuwa mtumishi wetu kuanzia mwaka huu hadi mwaka ule, alikuwa mwaminifu na mchapakazi, tunamtakia kila la heri. Muhuri, sahihi, basi. Barua hiyo haikusaidii kitu Kanada. Idara ya uhamiaji yenyewe, ukiomba ukaazi wa kudumu kupitia mfumo wa Express Entry ulioanza mwaka 2015, inataka barua yenye nembo ya ofisi, cheo chako, majukumu yako kwa undani, tarehe, saa za kazi kwa wiki, mshahara na marupurupu. Majukumu hayo yanalinganishwa na orodha ya serikali ya Kanada ya kazi mbalimbali. Barua ikisema tu ulikuwa "Afisa", hata kama ulikuwa unaendesha idara nzima, umepoteza.

Ushauri wangu ni kwamba barua hiyo uiandike mwenyewe. Kaa chini, andika rasimu yenye kila kitu, kweli tupu bila kuongeza chumvi, kisha umpelekee mkubwa wako kwa heshima: "Shikamoo mzee, naomba unisaidie jambo. Nimeandaa barua ya kazi nilizofanya chini yako, naomba uipitie, urekebishe pasipo sawa, ukiridhika utie sahihi." Wakubwa wetu wengi hawakatai kusaidia. Wanachokosa ni muda wa kuandika kurasa mbili za majukumu yako. Ukimpelekea karatasi tupu atakupa ile ya kila la heri.

Halafu mwombe namba yake binafsi na baruapepe yake binafsi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Bosi wa serikali anahamishwa leo Babati, kesho Songea. Kampuni ya ukandarasi inafungwa. Simu ya mezani iliyoandikwa kwenye barua inaita mpaka inakatika, na mwajiri wa Toronto hana sababu ya kupiga mara ya pili, kwa sababu ana waombaji wengine ambao wadhamini wao wanapokea.

Mimi kazi yangu ya kwanza ya fani kule niliipata kwa sababu ya mzee mmoja mstaafu anayeishi Machame. Alikuwa amenisimamia kazini kwa miaka. Kabla sijaondoka nilikwenda kwake nyumbani, tukapitia pamoja miradi tuliyofanya, mmoja mmoja, tukakumbushana vipimo na nani alifanya nini. Nilimweleza kwamba kuna siku atapigiwa simu na mtu mwenye lafudhi ngumu, pengine saa tatu usiku, maana Toronto iko nyuma yetu kwa saa saba au nane kutegemea majira. Simu ilipokuja alikuwa tayari. Aliulizwa ni lini nilifanya uamuzi mgumu bila kumsubiri, naye akawaeleza usiku bomba kuu lilipopasuka wakati wa masika na jinsi nilivyogawa maji kwa zamu mpaka fundi wa kuunganisha alipofika. Walipotaka maelezo hayo kwa maandishi, alishuka mjini kwenye steshenari karibu na mnara wa saa, akachapa, akatia sahihi, akawatumia siku hiyohiyo. Mwajiri aliniambia baadaye kwamba mazungumzo na yule mzee ndiyo yaliyomwondolea wasiwasi. Mungu amzidishie umri.

Tafuta mzee wako kama huyo. Siku hizi hata usajili wa uhandisi wa Ontario unakwenda kwa njia hiyo: mwombaji anaeleza umahiri wake katika vipengele 34, na maelezo yake yanathibitishwa na watu walioijua kazi yake kwa karibu. Ukiwa na mtu mmoja tu, naye simu yake haipatikani, huna utakachowapelekea.

Jambo la pili ni namna ya kuieleza kazi yenyewe. Wasifu wetu wa Tanzania unaanza na tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, picha, na shule ya msingi uliyosoma. Kanada yote hayo toa. Nafasi hiyo itumie kueleza kazi. Na usiandike "nilisimamia miradi ya maji ya mserereko", yaani maji yanayoshuka yenyewe bila pampu, kwa sababu mtu wa nchi tambarare anayesukuma maji kwa pampu haoni ugumu uko wapi. Mwonyeshe. Chanzo kiko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mtaa wa mwisho uko mita 900. Kila mita 10 za kushuka zinaongeza takriban bar moja ya presha. Bomba ulilopewa linahimili bar 16, yaani mteremko wa mita 160 hivi, na wewe unashusha maji mita 600. Ukiliacha bomba lishuke moja kwa moja litapasuka. Kwa hiyo ulipanga matangi ya kukata presha njiani, ukachagua yakae wapi ili vijiji vya katikati navyo vipate maji, ukahesabu kila kipande kihitaji bomba la daraja gani. Nilipoieleza hivyo kwenye usaili, yule mhandisi aliyekuwa ananihoji aliacha kusoma karatasi, akachukua kalamu akaanza kuchora pamoja nami. Fizikia ni ileile Marangu na Toronto. Wewe ndiye wa kumfikisha mwenzako mahali pa kuiona. Nesi, mhasibu, fundi umeme, kila mmoja ana jambo lake la namna hii, alitafute na kulipanga kabla hajaondoka.

Michoro ya ofisi usiibebe bila ruhusa. Mwajiri makini akikuona unamwonyesha nyaraka za mwajiri uliyemwacha, atajua na zake siku moja utaziondoa.

Tena tuwe wakweli: si kila anayedai uzoefu wa pale anabagua. Kuna mambo ambayo sisi wa huku kweli hatuyajui. Kule mabomba yanafukiwa kina cha zaidi ya mita moja kwa sababu ardhi inaganda wakati wa baridi, na bomba lisilofika chini ya ardhi inayoganda linaweza kupasuka. Mhandisi wa Moshi hajawahi kulifikiria hilo hata siku moja. Lakini ni jambo la kujifunza, na unaweza kuanza ukiwa hapahapa Moshi, mitaa ya Soweto au Majengo, kwenye simu yako. Mimi kilichonifungulia milango ni kusoma habari za Walkerton. Huo ni mji mdogo wa Ontario ambao Mei 2000 maji yake ya bomba yaliingiwa na bakteria baada ya mvua kubwa kusomba samadi hadi kwenye kisima, huku klorini ikiwa haipimwi inavyotakiwa. Watu 7 walifariki, zaidi ya 2,000 wakaugua. Jaji O'Connor akaendesha uchunguzi, na mwaka 2002 jimbo likatunga sheria mpya ya maji salama. Kila mtu wa maji kule anaishi na kumbukumbu hiyo. Ukiingia kwenye usaili ukiwa unaelewa kwa nini wanaandika kila kipimo cha klorini na nani alikichukua, wanakuona mtu wa fani yao. Kila fani ina Walkerton yake. Itafute ya kwako.

Kuhusu kazi ya kuanzia nina msimamo ambao wengi hawaupendi. Afadhali ngazi ya chini ndani ya fani yako kuliko mshahara mzuri nje yake. Ontario mwenye elimu ya sekondari anaweza kuanza kama mwendeshaji mitambo ya maji mwanafunzi, akisoma kozi ya awali na kufaulu mtihani. Mimi mwenye shahada niliifanya hiyo. Nilisoma dira, nikachukua sampuli, nikaamka usiku pampu zikizima. Rafiki zangu waliochukua leseni za malori walikuwa wananizidi kipato, na familia inakula pesa, haili fani, kwa hiyo siwalaumu. Ila nilikuwa nazungukwa na watu wa maji kila siku, na wao ndio walionidokeza nafasi ya kusaidia usanifu chini ya mhandisi mwenye leseni. Kazi hiyo inaruhusiwa bila usajili, mradi usijiite mhandisi, kwa sababu cheo hicho kule kinalindwa na sheria.

Nyumbani nako? Niliporudi, niliomba kazi Arusha, na swali la kwanza mezani likawa kama nina uzoefu wa hapa, kama naujua mfumo wa NeST wa manunuzi ya umma. Mcheza kwao hutunzwa, lakini mimi niliyerudi kwetu niliulizwa kama mgeni. Nikatumia njia ileile: nikajifunza mfumo, nikapeleka wadhamini wanaopatikana, nikaeleza kazi kwa vipimo. Na pale ofisini nimekutana na Waganda na Wakongo wenye uwezo mkubwa wanaozungushwa vilevile, katika mji ulio makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wakati bodi za wahandisi za Kenya, Uganda na Tanzania zilikubaliana kutambuana tangu mwaka 2012. Wakubwa mnaoajiri Arusha na Moshi, nawaomba sana: mpigieni simu mtu aliyemsimamia mwombaji. Mwombaji mwenyewe mpeni tatizo la kweli alitatue mbele yenu. Ni nusu siku tu.

Na wewe uliyeko huko tayari, uliyeondoka bila kuandaa lolote, bado pana njia. Omba taarifa yako ya michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, maana inaonyesha mwajiri alikuchangia kuanzia lini hadi lini. Mikataba, barua za kupandishwa cheo na hati za mshahara mwombe ndugu azipige picha azitume. Kama bosi wako amefariki au ofisi imefungwa, mtafute mliyefanya naye kazi, aandike anachokijua yeye mwenyewe, na aeleze alikuwa na cheo gani akakuonaje ukifanya kazi. Chuo nacho kifuatiliwe na mtu anayeweza kufika dirishani, kwa sababu taasisi za kukagua shahada kama World Education Services zinataka transkripti itumwe na chuo chenyewe. Mtume nduguyo mwenye subira, na umpe nauli.