Viti vya kubadilisha kwenye gari la spoti la zamani: angalia mwinamo kabla ya ulaini

Mwenye gari la spoti la zamani huku Nyanda za Juu Kusini hulazimika kufikiria viti mapema kuliko mwenzake wa Dar es Salaam, kwa sababu safari zetu ni ndefu na nyingi ni za milima. Ukitoka Uyole kwenda Iringa unakalia kiti kwa zaidi ya kilomita 300, na vijiji vya njiani vina matuta na rasta zake. Ninaendesha Datsun 240Z, gari ambalo wazee wengi wanalikumbuka kwa kushinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973. Kwa dereva asiye wa mashindano, starehe ya gari la namna hii huamuliwa zaidi na jinsi kiti kilivyoinama kuliko jinsi kilivyo laini.

Kabla ya kununua chochote, kitoe kiti cha zamani na ukipindue. Viti vingi vya miaka hiyo hubebwa na springi au mikanda ya mpira iliyotandazwa chini ya sponji, na mara nyingi hiyo ndiyo iliyolegea huku fremu ikiwa nzima. Katika hali hiyo fundi makochi mzuri anaweza kukufufulia kiti chako kwa gharama ndogo, mradi usikubali akuwekee sponji ya godoro, ambayo hubonyea baada ya muda mfupi na kukuacha umekalia chuma. Mwambie aweke sponji ngumu chini na tabaka jembamba la sponji laini juu.

Fremu za gari langu zilikuwa zimeliwa na kutu hadi kwenye reli ambazo kiti husogezwa juu yake, kwa hiyo nilitafuta viti vya mtumba kutoka Japani na kuchagua vya Mazda Roadster, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 1989. Sababu ni kwamba gari lenyewe ni dogo, hivyo viti vyake ni vyembamba na vifupi kwenda juu. Kiti cha gari kubwa la familia kinavutia ukikikalia dukani, lakini ukikiingiza kwenye gari lenye paa la chini kichwa kinagota juu kila unapovuka tuta. Nenda dukani na futi kamba, ukiwa umeshapima nafasi kati ya kizingiti cha mlango na mgongo wa katikati unaopitisha shafti. Pima pia sehemu ya mabega, maana kiti kinaweza kuenea vizuri chini kisha kikagusana na mlango huko juu.

Sasa nirudi kwenye mwinamo. Katika gari la spoti dereva hukaa chini na kunyoosha miguu mbele, kwa hiyo kikalio kikiwa bapa mapaja huning'inia, uzito wote unaangukia kiunoni, na ukishuka Kitonga unajikuta unateleza kuelekea kwenye pedali. Fundi wangu wa Mwanjelwa hakukubali kuchomelea vishikizo vipya vya kufungia kiti sakafuni kwa kukisia. Aliweka vipande vya mbao chini ya reli za mbele, akaniagiza nikanyage klachi mpaka mwisho, akapitisha mkono chini ya paja langu. "Mzee, paja bado linaelea," alisema, akaongeza kipande kingine. Tuliishia na mbele kuinuka kidogo kuliko nyuma, mapaja yakabebwa, na nafasi ya vidole viwili ikabaki nyuma ya goti. Ndipo akakata chuma kwa vipimo hivyo.

Katika jaribio hilo hilo hakikisha kwamba kifua chako kinatazamana na katikati ya usukani, kwa kuwa kishikizo kikisogea upande hata kidogo utaendesha umejipinda njia nzima, na mgongo utakudai Makambako kabla hujafika Iringa. Mabega yakiwa yameegemea, kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila kujivuta. Kiegemeo cha kichwa kifike angalau usawa wa masikio.

Kuhusu kitambaa sina mjadala mrefu. Asubuhi za Juni na Julai joto la Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na ngozi bandia wakati huo haikaliki, kisha mchana gari likianikwa juani inakuunguza. Ninapendelea kitambaa kizito, ingawa vumbi la barabara za vijijini hukipenda pia.

Usalama hauna njia ya mkato. Bolti ziwe na alama ya uimara ya 8.8 au zaidi kichwani, na chini ya sakafu ziwekewe bamba pana la chuma, kwani bati la gari la zamani ni jembamba na washa ndogo (kile kibati cha duara cha bolti) inaweza kulichana katika ajali. Kiti chenye eabegi ubavuni kiache dukani: ndani yake kuna baruti, na gari lako halina mfumo wa kuiongoza.

Viti vya asili usivitupe wala kumwachia fundi kama sehemu ya malipo. Mnunuzi wa baadaye atavitaka, hata vikiwa vimechoka. Vifunike kwa turubai na uviinue kutoka sakafuni, hasa kama unaishi Tukuyu, ambako unyevu humaliza chuma hata kisichotumika.