Mende wa Nyumba ya Kupanga Si Aibu ya Mama Mmoja

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa mama kijana anayeishi Kamalondo, hapa kwetu Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), ambaye ameolewa mwaka huu na amepanga pamoja na mume wake vyumba viwili katika jengo lenye familia nyingi. Aliniuliza ni dawa gani ya kupuliza iliyo na nguvu kuliko zote, kwa sababu mende wamemshinda. Kisha akaniomba, mara mbili katika ujumbe mmoja, nisimwambie mtu kwamba ameniuliza. Ombi hilo liliniuma kuliko swali lenyewe, kwa maana mwaka 2022 mimi pia ningeliandika hivyo hivyo. Jina lake sitalitaja, naye amekubali nimjibu hapa, ili wengine wenye shida hiyo wapate kusoma.

Najua kwamba wengi wenu mnaonisoma mnaishi kama nilivyoishi: mnapanga huku mkiweka akiba dola kwa dola, mkitafuta kiwanja, mkinunua matofali kidogo kidogo. Mwezi uliopita mimi na mume wangu tulihamia katika nyumba yetu wenyewe. Kuta hazijapakwa rangi na dari bado, lakini hakuna mtu anayekuja mwisho wa mwezi kugonga mlango, na kwa hilo ninamshukuru Mungu bila kuficha furaha yangu. Kabla ya hapo tulikaa karibu miaka mitatu katika jengo la ghorofa moja lenye familia sita, katika komini, yaani wilaya ya mji, ya Kampemba, na humo ndimo nilimojifunza habari za mende kwa gharama ambayo sitaki mwingine ailipe.

Tuliingia mwezi wa Septemba 2022. Mwenye nyumba alitudai garanti, yaani amana ya kodi, ya miezi sita, ingawa sheria ya nchi ya tarehe 31 Desemba 2015 imeweka kikomo cha miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi. Tulilipa, kwa kuwa tulikuwa tumechoka kuzunguka na makomisheni, wale mawakala wa kutafuta nyumba. Ukuta wa jiko ulikuwa umepakwa rangi mpya, na harufu ya rangi ilinifanya niamini kwamba nyumba ilikuwa safi. Katika wiki ya pili niliamka usiku kumpa mtoto maji, umeme ulikuwa umekatika, nikawasha taa ya simu na kumulika meza. Mende walitawanyika kutoka kwenye kibao cha kukatia mboga kama maharage yaliyomwagika. Nilisimama pale bila kusogea mpaka mtoto akaniita tena.

Kuanzia siku ile nilianza vita vyangu, na nilivipigana vibaya. Kila Jumamosi nilinunua kopo la dawa ya kupuliza. Nilipulizia nyuma ya friji, chini ya resho (jiko la kupikia), katika pembe za kabati, nikifunga madirisha na kuwatoa watoto nje. Asubuhi nilifagia mizoga, nikajisikia mshindi, na baada ya siku chache wakarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilijaribu chaki zile za Kichina zinazouzwa barabarani, nikachora mistari kwenye kila kizingiti, mpaka siku nilipomkuta mtoto wangu wa miaka minne ameshika kipande akiandika nacho ukutani. Nilimwosha mikono huku nikitetemeka, na chaki haikuingia tena nyumbani mwangu. Nawaomba sana mnaonisoma: kitu cha sumu kinachofanana na chaki ya shule hakina nafasi mahali palipo na mtoto. Vivyo hivyo zile chupa ndogo zisizo na maandishi, ambazo wachuuzi hutilia dawa za mashambani; sumu za namna ile hushambulia mishipa ya fahamu ya mtu kama zinavyoshambulia ile ya mdudu, na ukiivuta ndani ya chumba kilichofungwa unaweza kukosa pumzi.

Mwezi wa Januari mama mkwe alitoka Likasi kuja kututembelea. Nilipika bukari (ugali), kapenta (dagaa) na sombe (kisamvu), nikatandika kitambaa kipya. Alipoinua kifuniko cha bakuli, mende mmoja alitoka chini ya sahani na kupita mbele yake. Hakusema neno. Aliendelea kuzungumza na mwanawe habari za ndugu, lakini mkono wake haukurudi tena katika bukari, na jioni ile alisema kwamba ataenda kulala kwa dada wa mume wangu kwa sababu huko ni karibu na kanisa. Baadaye nilisikia maneno ambayo dada huyo aliyasambaza katika ukoo kuhusu mke asiyejua kutunza jiko. Miaka imepita, tumesalimiana na kusameheana, lakini ninapoandika sentensi hii kidonda bado nakihisi.

Aibu ile ndiyo iliyonifanya nimwite mtu wa kupuliza dawa kwa mashine, kwa siri, saa ambayo majirani walikuwa kazini. Nilimlipa dola 40, fedha niliyoitoa katika bahasha ya kiwanja. Kwa siku tatu nyumba ilikuwa kimya. Siku ya nne mama wa chini yetu alipanda ngazi, akiwa ameshika kizoleo kilichojaa mende, akakiweka mbele ya mlango wangu na kusema, «Mama, umepuliza dawa bila kutuambia, na sasa wote wameshuka kwangu. Sikulaumu. Mimi pia mwezi wa kumi na moja nilipuliza, nao wakapanda kwako.»

Tulikaa kwenye ngazi tukaongea zaidi ya saa moja. Kumbe mwezi ule wa kumi na moja, nilipodhani mende wameongezeka kwa sababu ya uchafu wangu, walikuwa wamekimbia dawa yake. Kumbe familia zote sita zilikuwa nao, na kila mama alikuwa akisugua jiko lake usiku kwa siri, akiamini kwamba ni yeye peke yake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi tulikuwa tumefichana uchi huo kwa miezi mingi huku mende wakizaa.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Kamalondo, jibu langu la kwanza ni kwamba hakuna dawa ya kupuliza yenye nguvu ya kutosha kwa jengo la kupanga. Dawa nyingi za makopo hutengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, lile lililolimwa tangu zamani hata kule Kivu ya Kaskazini. Sumu hiyo humwua mende anayeguswa nayo, lakini humkera na kumfukuza yule aliyejificha, naye hupita katika tundu la bomba au la waya wa umeme mpaka kwa jirani. Tena, mende wengi wa siku hizi wamekwisha kuizoea. Kadiri unavyopuliza peke yako, ndivyo unavyowasambaza katika jengo zima.

Mjue kwanza adui yako. Wale wakubwa wekundu, karibu sentimita 4, aghalabu hutoka katika mashimo ya maji machafu. Huyo mfungie njia, uweke wavu au kifuniko kwenye tundu la bafuni kila usiku, na shida yake itapungua sana. Anayetutesa jikoni ni yule mdogo wa rangi ya kahawia, asiyefika sentimita 2, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Jike lake hubeba mfuko wa mayai mkiani mpaka karibu na siku ya kuanguliwa, na katika mfuko mmoja mnaweza kuwa na watoto 30 hadi 40. Katika jiko lenye joto, mtoto hukua na kuwa tayari kuzaa kwa muda wa miezi miwili hivi. Fanya hesabu mwenyewe, utaona kwa nini kuua kumi usiku mmoja hakubadilishi kitu.

Mende huyu mdogo hupenda joto, giza na maji. Kwangu niliwakuta katika injini ya friji, ndani ya bawaba za mlango wa kabati, na wengi zaidi ndani ya regilateri, kile chombo cha kutuliza umeme ambacho hatukizimi kamwe. Hapa lazima niungame jambo ambalo sikumwambia hata mume wangu kwa muda mrefu. Friji yetu tuliinunua ikiwa imetumika, wiki moja kabla ya kuhamia, na nilipoondoa kifuniko cha nyuma nilikuta maganda makavu ya mende na vinyesi vyao vyeusi kama unga wa kahawa, vilivyoshikamana na kuonekana vya zamani. Siwezi kujua kama sisi ndio tuliowaleta au tuliwaongeza tu, lakini tangu siku ile niliacha kuwanyoshea majirani kidole. Unaponunua friji, redio au kabati la mitumba, lifungue juani kabla ya kuliingiza ndani, na makatoni ya sokoni yaache nje.

Tulichofanya sisi sita kilikuwa rahisi, na ugumu wake ulikuwa kukubaliana. Tulichagua Jumamosi moja, kama salongo, ile kazi ya usafi ya pamoja, kila familia ikaondoa kila kitu jikoni. Tulisugua mafuta nyuma ya resho, tukaziba nyufa na matundu ya bomba kwa sementi, kwa sababu mende mchanga hupita katika ufa mwembamba sana. Unga, sukari na kapenta tuliviweka katika ndoo zenye vifuniko vya kubana. Mabidoni ya maji, ambayo sote tunayajaza kwa hofu ya kukosa maji ya REGIDESO, shirika la maji, tuliyafunika na kuyapangusa, kwa kuwa mende huvumilia njaa kuliko kiu. Kila usiku kabla ya kulala nilipangusa karo mpaka likauke, na kwa kweli kazi hii moja ilinisaidia kuliko makopo yote niliyowahi kununua.

Baada ya hapo tuliweka chambo. Tulinunua asidi boriki katika famasi, ile poda nyeupe, nasi tukaichanganya kijiko kimoja na vijiko vitatu vya unga wa ngano, kijiko kimoja cha sukari na maji kidogo, tukafinyanga vidonge vidogo kama punje za mahindi. Usizidishe poda ukidhani unaongeza nguvu, kwani chambo chenye sumu nyingi mende hukisusa. Poda kavu pia tuliipuliza katika nyufa za ndani kabisa, kwa utandu usioonekana vizuri kwa macho, kwa maana mende huukwepa mlima wa poda lakini hupita juu ya vumbi, likamshika miguuni, naye hulilamba anapojisafisha. Hufa polepole, kwa siku kadhaa. Wenzake hula mzoga na kinyesi chake, na kama amekula jeli maalumu ya mende, ile inayouzwa katika sindano ya plastiki, nao hupata sumu. Jeli ni ghali zaidi, lakini mahali pa joto kama nyuma ya friji ilifanya kazi vizuri kuliko vidonge vyetu. Kila chambo kiwe mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki, kwa sababu asidi boriki ikimezwa ni sumu kwake pia. Na ukishaweka chambo, usipulize dawa hapo. Harufu yake itawafukuza wasile.

Tulipima maendeleo kwa gundi ya panya iliyopakwa kwenye kipande cha kadi. Usiku wa kwanza kadi ya nyuma ya friji yangu ilishika mende 47. Wiki ya tatu walianguliwa wapya, idadi ikapanda, na mama mmoja wa juu akakata tamaa akitaka kupuliza. Tulimsihi asubiri, tukabadilisha chambo kilichokauka. Wiki ya nane nilihesabu watatu. Kikohozi cha usiku cha mtoto wangu kilipungua katika miezi hiyo, na daktari alinieleza kwamba vumbi la vinyesi na maganda ya mende linaweza kuamsha pumu. Msidanganyike na baridi ya Juni na Julai, mnapoona wamepungua wenyewe. Wamejibanza tu penye joto, na hari ya Septemba na Oktoba itawatoa. Kipindi kile cha baridi ndicho cha kuweka chambo kwa bidii.

Tulipohama, mwenye nyumba alitaka kukata garanti ya mwezi mmoja, akisema mbele ya mume wangu kwamba mende waliletwa na mama asiye msafi. Sikulia, ingawa nilitaka. Nilimwonyesha picha nilizopiga siku tulipoziba ukuta, kisha mama wa chini akaja mwenyewe kusimulia yote. Mwenye nyumba alirudisha nusu. Nusu iliyobaki tuliiacha, lakini kama siku ya kuingia tungeandika na kusaini karatasi ya hali ya nyumba, pamoja na wadudu walioonekana, angerudisha yote. Ninyi msifanye kosa hilo. Kagueni usiku kabla ya kusaini, mkiwa na tochi, na mfungue kila kabati.

Mdogo wangu, nimeona umeniuliza pia jinsi ya kuanza kuzungumza na jirani bila kuonekana mchafu. Anza na yule ambaye jiko lake linapakana na lako kwa ukuta. Nenda mchana, usibebe kopo la dawa, na umwambie kwa utulivu, «Mama, kwangu kuna mende, nimeanza kuweka chambo. Je, kwako hawajafika?» Akikana siku hiyo, usibishane naye. Weka vidonge vyako kwenye upande wa ukuta wake, ziba tundu la bomba, na urudi kumsalimu baada ya wiki mbili.